Benki Kuu na feza yetu: tujue historia yake kabla ya kumshitaki jirani

(Maandishi ya mazungumzo yaliyopitishwa redioni)

  

Leo tutazungumza juu ya feza. Hatutafundisha namna ya kuipata. Tunataka kujua inazaliwa wapi, nani anaitunza, na kwa nini wakati mwingine inakufa mkononi mwa mwenyewe. Pengine mtauliza: Benki Kuu inahusu nini amani? Jumba lake kubwa liko Kinshasa, na sisi tuko hapa tunatafuta unga wa watoto.

Jibu ni hili. Bei ya unga inapopanda, watu hutafuta mkosaji. Na mkosaji anayeonekana karibu ni nani? Ni kambisti aliyeketi kando ya barabara na mafungu yake ya noti. Ni mwenye duka ambaye kabila lake si letu. Ni mkimbizi aliyefika mtaani juzi, eti ameongeza midomo ya kula. Maneno huanza hivyo, kisha mawe hufuata. Nchi yetu imekwisha kuona maduka yakivunjwa na watu wakiuawa kwa sababu ya feza iliyoharibika, na huku aliyeiharibu hakuwa sokoni hata kidogo. Kwa hiyo tunasema: kabla ya kumshitaki jirani, ujue feza inatoka wapi.

1. Feza kabla ya benki

Wazee wetu hawakungoja benki ili wafanye biashara. Katika ufalme wa Kongo, upande wa bahari, watu walitumia nzimbu, yaani simbi ndogo zilizookotwa kisiwani Luanda. Huko Katanga mafundi waliyeyusha shaba na kuimimina kwa umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilisafiri mbali sana na machimbo. Mahali pengine palikuwa na nguo za raffia, shanga, na vipande vya waya wa shaba vilivyoitwa mitako.

Angalieni jambo moja. Nzimbu hazikuachwa ziokotwe na kila mtu: kisiwa kile kilikuwa chini ya mfalme wa Kongo. Nao msalaba wa shaba ulikuwa na thamani kwa sababu kuutengeneza ni kazi ngumu. Ndiyo kusema, tangu zamani watu walijua kwamba feza inayopatikana bila mpaka haina thamani. Shikeni neno hilo, maana tutalirudia.

2. Feza ya wakoloni

Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyekuwa amejifanya mwenye nchi yetu, alianzisha franka ya Kongo. Kutoka neno hilo tumepata «franga» tunayosema mpaka leo. Mwaka 1908 nchi ikachukuliwa na Serikali ya Ubelgiji, na tarehe 11 Januari 1909 ikaundwa huko Brussels benki iliyoitwa Banque du Congo Belge. Haikuwa benki ya Leta. Ilikuwa kampuni ya wenye mali, lakini mwaka 1911 Serikali ya koloni iliipa haki ya kutoa noti, na noti zake za kwanza zilitoka mwaka 1912.

Je, watu wa vijijini walizihitaji noti hizo? Kwanza hapana. Walizihitaji kwa nguvu ya kodi. Mwaka 1910 koloni iliamuru kodi ya kichwa ilipwe kwa feza, wala si tena kwa mpira au kwa kazi. Basi mwanaume aliyekuwa na mihogo, mbuzi na samaki, lakini hana franka, alihesabiwa kuwa mdeni. Alilazimika kwenda kuitafuta franka kwa mzungu: machimboni, katika mashamba makubwa, au kwenye njia ya reli. Hivyo feza ilifungua soko, lakini vilevile ilikuwa kamba ya kuvutia watu kazini.

Jambo lingine ambalo vijana wengi hawalijui: baada ya Wabelgiji kushika Ruanda-Urundi katika vita ya kwanza ya dunia, franka hiyohiyo ilitumika ng'ambo zote mbili. Mama wa Bukavu aliyevuka Ruzizi kwenda Cyangugu, au mvuvi wa Uvira aliyekwenda Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, hakubadilisha feza. Mwaka 1951 ikaamriwa kuunda benki kuu ya kweli, na jina lake lilisema wazi: Benki Kuu ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Ilianza kazi mwaka 1952. Ile benki ya kwanza ikaacha kutoa noti na kubaki benki ya biashara. Ndiyo iliyokuja kujulikana kwa jina la BCDC, na mwaka 2020 ikaungana na Equity ya Kenya.

3. Uhuru, na nchi moja yenye feza mbili

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Bendera tulipewa, lakini sanduku la feza halikuwa tayari. Akiba ya dhahabu na ya feza za kigeni, inayotegemeza noti, ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Benki kuu ya zamani ikavunjwa. Ruanda-Urundi ikatengewa benki yake mwaka huohuo wa 1960, na mwaka 1964 Rwanda na Burundi nazo zikatengana kila moja na feza yake. Kwetu, kuanzia Oktoba 1960, baraza dogo la mambo ya feza lilishika kazi kwa muda. Sheria ya kuunda Banque Nationale du Congo ilitiwa sahihi tarehe 23 Februari 1961, na gavana wake wa kwanza alikuwa Albert Ndele. Hata hivyo benki yenyewe ilianza kazi kamili mwaka 1964 tu.

Kwa nini ilichelewa? Kwa sababu nchi ilikuwa imepasuka. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Na jambo la mapema alilofanya lilikuwa lipi? Kuunda benki yake na kutoa franka ya Katanga, noti zenye sura yake mwenyewe. Sarafu zake za 1961 zilichorwa ule msalaba wa shaba wa wazee. Kujitenga kuliisha Januari 1963, na feza ile ikafa pamoja nako.

Wakuu wetu, hapa pana fundisho. Anayetaka kugawanya nchi hupeleka askari mpakani, kisha hutafuta kutoa feza yake. Na anayetaka kuiunganisha nchi lazima siku moja aiunganishe feza. Noti inayopokelewa Boma, Mbandaka, Kalemie na Beni inawaambia watu kila siku, bila hotuba, kwamba wao ni wa nyumba moja.

4. Zaire: kuzaliwa na nguvu, kufa kwa aibu

Katika miaka ile ya fitina Serikali ilitumia kuliko ilivyopata, na franka ikashuka. Mwezi wa Juni 1967 utawala wa Mobutu ukaleta feza mpya: zaire. Zaire 1 ilichukua nafasi ya franka 1,000. Iligawanywa kwa makuta 100, na kila likuta kwa sengi 100. Tena sikilizeni vizuri: zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwalimu aliyepata zaire chache aliweza kulisha jamaa na kulipa masomo ya watoto. Mwaka 1971 nchi ilipobadilishwa jina, benki nayo ikaitwa Banque du Zaïre.

Kisha mambo yakaharibika. Mwezi wa Novemba 1973 maduka, mashamba na viwanda vya wageni vilitwaliwa na kupewa watu wa karibu na wakubwa, na vingi vikafa mikononi mwao. Mwaka 1974 bei ya shaba duniani ilianguka, na shaba ndiyo iliyokuwa ikituletea dola. Serikali haikupunguza matumizi. Ilikopa. Mwaka 1976 zaire ikashushwa thamani, na baadaye ikashushwa tena na tena.

Mwaka 1978 wakopeshaji walimleta Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, akae ndani ya Benki Kuu na kuisimamia. Alikaa kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Baadaye, mwaka 1982, aliandika kwamba ulaji wa rushwa katika utawala ulikuwa umezidi, hata wakopeshaji hawana tumaini la kurudishiwa feza zao. Feza ya Leta na feza ya mkubwa wa Leta zilikuwa zimechanganywa katika mfuko mmoja. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Kwa raia wa kawaida, kidonda kimoja kinakumbukwa mpaka leo. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, na kwa kiasi chenye mpaka. Aliye karibu na benki, tena mwenye kujuana na wakubwa, aliponyoka. Mkulima aliyeficha akiba yake katika chungu, mwendo wa siku tatu kutoka mjini, alibaki na karatasi. Wahenga walisema akiba haiozi. Mwaka ule watu waliona akiba inaweza kuoza kwa siku moja.

5. Noti ya milioni tano

Tufike kwenye miaka ambayo wengi wenu mliiona kwa macho. Kuanzia 1990 Serikali ilikosa kodi, machimbo yalikuwa yanakufa, wakopeshaji wamefunga mlango. Ililipa namna gani watumishi na askari? Kwa kuchapisha noti. Noti za elfu, za laki, za milioni. Mwezi wa Septemba 1991 askari waliochoka na mshahara usionunua kitu walipora Kinshasa na miji mingine.

Mwezi wa Desemba 1992 ikatoka noti ya zaire 5,000,000. Étienne Tshisekedi, waziri wa kwanza aliyetoka katika Mkutano Mkuu wa Taifa, alisema haina kibali, watu wasiipokee. Upande wa Mobutu ukasema ni halali. Basi Januari 1993 askari walilipwa kwa noti hizo, wakaenda nazo sokoni, na wachuuzi wakazikataa. Ndugu zangu, fikirini hali hiyo: mtu mwenye bunduki, mwenye njaa, ameshika mshahara wake mkononi na haununui hata mkate. Kinshasa iliporwa tena. Watu wengi walikufa, hata balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi.

Nani alikuwa mkosaji pale? Mama mchuuzi aliyekataa noti? Yeye alijua kwamba akiipokea hatapata mahali pa kuipeleka. Askari? Kupora na kuua ni kosa, na hakuna mshahara unaoliondoa. Lakini mzizi ulikuwa juu: wakubwa wawili walibishana juu ya noti, na mitambo ya kuchapa haikusimama. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Mwezi wa Oktoba 1993 wakaleta zaire mpya. Zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000, na zaire mpya 3 zilikuwa sawa na dola 1. Haikusaidia, kwa sababu walibadilisha jina bila kubadilisha mwenendo. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Fanyeni hesabu: mtu aliyeweka zaire 500 mwaka 1967 alikuwa na dola 1,000. Mwaka 1993, zaire zilezile 500 hazikutosha kununua punje moja ya karanga.

Lakini kuna habari moja ya Kasai inayotufundisha kuliko vitabu vingi. Watu wa Kasai, ambako wakati ule walikuwa wanafika maelfu ya ndugu waliofukuzwa Shaba, hawakuiamini zaire mpya. Waliikataa, wakaendelea na noti kuukuu za zamani. Noti hizo hazikuchapishwa tena. Zilichakaa, lakini hazikuongezeka. Sasa, mwaka 1998 franka ilipoletwa, franka 1 ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Kwa hesabu ya 1993, hizo ni sawa na zaire za zamani 300,000,000,000. Lakini huko Kasai franka 1 ilibadilishwa kwa zaire za zamani 14,000,000 tu! Karatasi ilikuwa ileile, yenye picha ileile. Tofauti ilikuwa moja: huko Kasai hakuna aliyekuwa anaongeza noti.

6. Franka kurudi, na vita kuikuta njiani

Baada ya Mei 1997 benki ilipewa jina la Banque Centrale du Congo, na gavana akawa Jean-Claude Masangu Mulongo. Franka ya Kongo ilitoka tarehe 30 Juni 1998. Siku zile dola 1 ilikuwa chini ya franka 2. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 2 Agosti 1998, vita nyingine ikaanza na nchi ikakatwa vipande. Serikali ikarudia dawa ya zamani, kuchapisha noti ili kulipia vita. Januari 1999 ikakataza watu kununua na kuuza kwa dola. Dola haikuondoka, ilijificha. Mwaka 2000 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 500.

Mwaka 2001 njia ikabadilishwa. Mwezi wa Mei bei ya dola iliachwa ifuate soko, na dola 1 ikahesabiwa zaidi ya franka 300. Iliumiza, lakini Serikali ilifunga mkono, ikaacha kutumia asichokuwa nacho. Mwaka 2002 kupanda kwa bei kukateremka chini ya asilimia 20. Tarehe 7 Mei 2002 ikatoka sheria inayosema Benki Kuu ijitegemee katika kazi yake. Mashariki na magharibi ziliporudi chini ya Serikali moja mwaka 2003, franka ikapata tena nafasi ya kuzunguka nchi nzima.

Mwaka 2005 wataalamu wa Umoja wa Ulaya walianza kusaidia jeshi kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri, ili mshahara wa askari usipite mikononi mwa mkubwa wake. Kuanzia 2011 watumishi wengi wa Leta wakaanza kulipwa kwa njia ya benki. Ninyi mnaokaa karibu na vituo vya askari mnajua maana yake: mshahara unaofika hupunguza vizuizi barabarani na mbuzi wanaotoweka usiku.

Mwaka 2012 zikatoka noti za franka 1,000, 5,000, 10,000 na 20,000. Mwaka 2021 Malangu Kabedi-Mbuyi akawa mwanamke wa kwanza kushika ugavana. Lakini franka haikuacha kushuka: mwaka 2024 dola 1 ilivuka franka 2,700. Na mwanzo wa mwaka 2025, mapigano yalipofika Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, benki zilifunga milango. Watu wenye akiba yao ndani walishindwa kuigusa. Noti zikawa haba, na wengi waliokuwa na feza katika simu walikatwa sehemu kubwa ili wapate karatasi ya kununulia unga. Kwa hiyo tunayoyasema si mambo ya babu tu.

7. Kwa sheria, Benki Kuu ina kazi gani?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 170, inasema franka ya Kongo ndiyo feza ya nchi, na inaweza kulipa deni mahali popote nchini. Kifungu cha 176 kinataja kazi za Benki Kuu. Tuziweke kwa maneno mepesi:

Kwanza, ndiyo peke yake yenye haki ya kutoa noti na sarafu.
Pili, inatunza feza za Leta. Kodi na ushuru vinapaswa kuishia katika hesabu iliyoko kwake.
Tatu, inalinda thamani ya feza. Inapima noti ngapi zizunguke, nayo inashika akiba ya feza za kigeni.
Nne, inasimamia benki zote. Vyama vya akiba na mikopo na feza ya simu viko chini ya macho yake vilevile.
Tano, inaishauri Serikali katika mambo ya uchumi.

Kifungu hicho kinaongeza kwamba katika kazi hizo benki inajitegemea. Na sheria nyingine ya Desemba 2018 imepanga upya namna inavyoendeshwa.

Tujue vilevile yasiyo kazi yake. Benki Kuu haipokei akiba ya raia mmoja mmoja. Haipangi bei ya kopo la unga. Haiamui mshahara wa mwalimu: hilo ni jambo la Serikali na wabunge wanaopiga kura juu ya matumizi ya mwaka. Ukikosa kujua mlango wa kubisha, utabisha mlango wa jirani.

8. Basi kwa nini bei inapanda?

Fikirini soko dogo. Kuna vikapu 10 vya mihogo, na wanunuzi wote pamoja wana franka 100. Kila kikapu kitauzwa karibu franka 10. Usiku mtu anakuja na kugawa franka nyingine 100, lakini hakuna aliyelima zaidi. Kesho vikapu ni vilevile 10, feza ni 200. Kikapu kitafika franka 20. Mwenye kikapu hakuwa mwizi, na mnunuzi hakuwa mjinga. Noti ziliongezeka, mihogo haikuongezeka.

Sasa geuzeni. Feza ni ileile 100, lakini vita imefunga barabara na vikapu vilivyofika ni 5. Kikapu kitafika tena franka 20. Hapa Benki Kuu haina kosa, na mkimbizi hana kosa. Aliyefunga barabara, anayelipisha kila lori linalopita, anayemfukuza mkulima shambani, ndiye anayepandisha bei.

Na kambisti je? Kambisti anafuata bei ya siku, kama mama anavyofuata bei ya mihogo. Yupo anayedanganya katika kuhesabu, huyo apelekwe mbele ya sheria yeye mwenyewe, kwa jina lake. Kabila lake lisiandikwe katika mashitaka.

9. Mashauri kwa jamaa na kwa wakuu

Kwenu jamaa mliohama. Msiweke akiba yote katika umbo moja. Sehemu ndogo iwe noti za matumizi, sehemu iwe kitu kinachodumu: jembe, cherehani, kuku. Katika likelemba zenu andikeni kila kitu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya siri ya simu yenu msimwambie mtu, hata yule anayesema anagawa msaada. Na mkisikia uvumi kwamba noti fulani «imekufa», msikimbilie kuiuza kwa bei ya chini. Ulizeni kwanza mahali pawili au patatu panapoaminika. Walioeneza uvumi wa namna hiyo mara nyingi ndio walionunua noti hizo.

Kwenu wakuu na wazee. Mashauri mengi yanawajia juu ya deni: mtu alikopesha franka nyingi miaka iliyopita, leo anarudishiwa hesabu ileile na haimsaidii. Sheria yetu ya mapatano, ambayo msingi wake ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, inasema deni la feza ni hesabu iliyoandikwa katika mapatano, hata thamani ikibadilika kabla ya siku ya kulipa. Mdeni anayerudisha hesabu hiyo siku iliyopangwa amemaliza deni mbele ya sheria. Lakini ninyi mnaweza kuwasaidia watu kabla ya ugomvi. Wanapouziana kiwanja, wanapopatana juu ya mahari au mkopo, waandike ni feza gani, kiasi gani, na siku gani ya kulipa, na mashahidi watie sahihi. Karatasi moja siku ya mapatano huzuia mapanga siku ya kulipa.

Tena, mchango wowote mnaokusanya mtaani utangazwe: umepatikana kiasi gani, umetumika kwa nini. Ugonjwa uliomuua zaire ulianza pale mfuko wa wote ulipochanganywa na mfuko wa mkubwa. Ugonjwa huo unaweza kuanza hata katika mtaa wenye nyumba ishirini.

Ndugu wasikilizaji, noti ni karatasi inayobeba ahadi. Anayeipokea anaamini kwamba kesho mtu mwingine, asiyemjua, wa kabila jingine, ataipokea kwake. Imani hiyo ndiyo amani yenyewe, tunaitumia kila siku sokoni bila kuitaja. Mchuuzi anayempokelea mgeni noti yake ameisaidia, na anayerusha jiwe juu ya duka la jirani ameivunja.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Bei ilipopanda kwetu mara ya mwisho, tulimlaumu nani? Tulikuwa na hakika?
2. Habari ya noti za Kasai inatufundisha nini juu ya kuchapisha noti nyingi?
3. Katika mtaa au kambi yetu, nani anatunza feza za wote, na nani anazihesabu pamoja naye?
4. Tufanye nini leo ili deni lisigeuke uadui kati ya waliohama na waliowapokea?